Uzi wa wasomaji: una kitabu gani mkononi sasa hivi? (Na mwenye Myombekere kamili anisaidie)

Mgeni wa Nansio

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wale ambao utotoni walikuwa wakitumwa chumvi, wanarudi nyumbani na kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, chumvi yenyewe hawajui imemwagikia wapi. Mnajijua. Taja kitabu ulichonacho mkononi leo. Sitaki ulichosoma kidato cha tatu wala utakachosoma ukistaafu. Hata kama umekwama ukurasa wa kumi na moja tangu mfungo, taja hivyohivyo, hapa hatuchekani.

Naanza mwenyewe. Nipo Nansio, Ukerewe, wiki ya sita sasa. Bibi aliteleza kisimani akavunjika mguu, na katika wajukuu wote nikaonekana mimi ndiye sina kazi, maana kazi yangu naifanyia kwenye kompyuta. Mtandao wa huku ni kama dagaa, una siku zake. Siku moja ulipokata nikafungua sanduku la bati la marehemu babu, na chini ya koti lake la kanisani nikakuta Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Jalada limeliwa na mende.

Kwa wasiokijua: Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Nani angekichapa? Lugha ya watu wa kisiwa, kitabu kinene kama tofali. Kikakaa. Mzee akaketi akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 tangu nukta ya mwisho hadi kiwandani.

Hadithi ukiisimulia kwa kifupi inaisha kabla chai haijapoa. Mume na mke wanapendana, hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wana midomo. Wazazi wa mke wanasikia, wanakuja kumchukua binti yao. Mume anakwenda ukweni kumwomba, anatozwa pombe ya ndizi, anarudi na mkewe, wanahangaika na waganga mpaka wanajaliwa mvulana kisha msichana. Ndiyo hiyo. Hakuna mzungu, hakuna bunduki, ni Ukerewe ya kabla ya hayo yote.

Siku tatu za kwanza nilikichukia. Mtu akienda ukweni Kitereza anakupa salamu zote: aliyeanza, aliyeitikia, aliyeleta kigoda, aliyekataa kukaa. Nilikuwa nikimsomea bibi kwa sauti ili apate usingizi, basi nikaanza kuruka. Nikaruka kama nusu ukurasa hivi. Kutoka upande wa pili wa pazia nikasikia: "Mbona mama mkwe hajasalimiwa?"

Wakuu, hajawahi kukisoma kile kitabu. Hajui kusoma. Lakini alijua kuna mtu kaachwa amesimama mlangoni.

Tangu siku hiyo siruki kitu. Tulipofika mahali pa kutengeneza pombe ya ndizi alinisimamisha mara nne. Kuzivundika ndizi, kuzikamua kwa majani, mtama wa kukaanga wa kuchachulia, kila hatua ana la kusema, na pengine anamwambia mwandishi kabisa kwamba kwao hawakufanya hivyo. Nimezoea. Nasoma, wanagombana, naendelea.

Sasa tatizo. Nakala ya babu imekatika mwisho. Ukurasa wa mwisho niliobaki nao unaishia katikati ya sentensi. Sijui zimepotea ngapi. Bibi bado hajui. Mwenye nakala kamili, tafadhali.

Kiko cha Mzee

Nakaa siti ya mbele. Nitarudi na changu nikishafunga duka.

Fundi Baridi

Samahani wakuu, swali la kweli siyo dharau. Hivi muda mnautoa wapi? Mimi natoka gereji saa mbili usiku, nikishika kitabu mistari mitatu nimelala na miwani usoni.

Binti Chumbageni

Fundi, hiyo mistari mitatu kila siku kwa mwaka ni kitabu. Chembamba, lakini kitabu.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, wodi yetu ikitulia saa nane usiku hadi saa kumi ndiyo maktaba yangu. Nasoma Rosa Mistika ya Kezilahabi. Nilipokuwa msichana baba alikuwa nacho chini ya godoro, na sisi tulijua kipo, na yeye alijua kwamba tunajua. Kilipotoka mwaka 1971 kilizuiwa mashuleni, kwa hiyo kikasomwa na kila mtu.

Niseme langu. Watu wakikitaja kitabu hiki wanasema ni cha binti aliyepotoka. Nilikisoma hivyo nikiwa na miaka kumi na saba, nikamhukumu Rosa. Sasa nina miaka arobaini na nne na binti wa miaka kumi na sita, na nimegundua sijui kwa nini tulikuwa hatumwoni Zakaria. Mzee mlevi anayempiga mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamlinda kwa fimbo mpaka mtoto anatoka nyumbani hajui kusema hapana kwa mwanamume yeyote, kwa sababu mwanamume wa kwanza maishani mwake hakuwahi kuambiwa hapana. Rosa hakupotoka, alisukumwa.

Juzi nilikifunga katikati ya sura nikampigia binti yangu simu, saa nne na nusu usiku. Akapokea analia, akadhani kuna msiba.

Mgeni wa Nansio

Dada Zamu, unajua Rosa anatoka wapi? Namagondo. Ni huku huku Ukerewe, na ndiko Kezilahabi alikozaliwa mwaka 1944. Nikimwambia bibi kwamba kuna kitabu kingine cha kwao hatanipa usingizi.

Kiko cha Mzee

Na Gabriel Ruhumbika naye ni wa hukohuko, aliyeandika Uwike Usiwike Kutakucha na Miradi Bubu ya Wazalendo. Halafu ndiye aliyemtafsiri Kitereza kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002. Kisiwa kimoja, waandishi watatu wa riwaya wa kiwango kile. Mna nini katika hayo maji ya ziwa? Sisi wa Pwani tunaoambiwa lugha ni yetu tunabaki kusahihisha watu mitandaoni.

Haya, changu. Hakina hadhi ya kukaa karibu na Kitereza ila ndicho nilichonacho: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Hii ni mara ya nne. Namjua muuaji, najua kwa nini, na bado jana nimeacha mteja anagonga kaunta.

Wengi wenu mnamdharau Bwana Msa mkidhani ni mpelelezi wa Kizungu aliyevishwa kanzu. Kweli ana kiko, ana rafiki yake Najum anayechelewa kuelewa kila kitu ili wewe msomaji ujione una akili. Hivyo vimeazimwa, hakuna anayebisha. Ila angalia fumbo linavyofunguka. Hakuna alama za vidole wala majivu ya sigara chini ya kioo cha kukuzia. Bwana Msa anataka kujua nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani akamwacha, mtoto yule alilelewa na nani na kwa nini. Ufunguo uko kwenye nasaba. Hicho hakikuazimwa, hiyo ni Unguja. Ukitaka kujua siri ya mtaa wowote wa Mji Mkongwe usimuulize polisi, muulize somo wa harusi.

Kilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58, kikachapwa 1960. Miaka yote hiyo na hakijachuja.

Na ninalisema hili nikijua litaleta ugomvi: Bwana Msa ni mkubwa kuliko Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba. Mnyang'anye Willy Gamba bastola na tiketi ya ndege hajui aanzie wapi. Mnyang'anye Bwana Msa kiko, atakuuliza mama yako kwao wapi.

Mtu wa Mabibo

Hapo umenigusa, mkuu. Mimi nimejua kusoma kwa sababu ya Willy Gamba. Kufa na Kupona cha Elvis Musiba kilikuwa kinazunguka darasa zima chini ya dawati, kila mtu ana usiku mmoja, asubuhi unakabidhi. Kilipofika kwangu kilikuwa hakina kurasa tatu za mwanzo na harufu ya mafuta ya taa. Na usimsahau Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na Nuru wake. Waandishi wa aina hiyo ndio waliofanya kijana wa Mabibo apende kitabu bila kuambiwa na mwalimu. Wasomi wa chuo waliviita vitabu vya stendi. Sawa. Stendi ndiyo kwenye watu.

Kiko cha Mzee

Sijasema ni vibaya. Nimesema mzee wangu ni mkubwa. Amani.

Fundi Baridi

Hivyo vya stendi ndivyo ninavyovitaka mimi. Kifupi, cha kuua usingizi. Nianze na kipi?

Kiko cha Mzee

Tafuta Simu ya Kifo, Faraji Katalambulla, 1965. Chembamba. Ukilala na hicho nitakurudishia hela yako.

Mtu wa Githurai

Niaje wasomi. Naona Wabongo mmejaza uzi, wacha Kenya iwakilishwe.

Ninakiri hadharani: Utengano cha Said Ahmed Mohamed nilipata nacho alama nzuri sana shuleni na sikukisoma. Nilisoma mwongozo. Ningekwambia sifa sita za Maimuna na mfano wa kila moja, na mbinu za lugha, na umuhimu wa anwani. Kitabu chenyewe nilikifungua mara moja, kutafuta ukurasa ambao mwongozo ulitaja.

Sasa nimekinunua cha mitumba mjini, nikasema nikisome kama binadamu. Kumbe ni hadithi! Kuna msichana amefungiwa ndani ya nyumba ya baba tajiri, hajui barabara inaelekea wapi, halafu siku akitoka anatua moja kwa moja kwenye danguro la Mama Jeni. Ile sehemu anapotoroka nilikuwa ndani ya matatu, nikapitishwa steji, nikajipata Kahawa Sukari. Nimelipa nauli ya kurudi bila kulalamika.

Nina hasira kidogo, sitaficha. Miaka minne tulifunzwa kuchinja kitabu, tupange nyama: hii ni tashbihi, hii ni kinaya, hii ni nafasi ya mwanamke katika jamii. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba huyo ng'ombe alikuwa hai.

Nikimaliza narudi kwa Ken Walibora, Nasikia Sauti ya Mama, maisha yake aliyoyaandika mwenyewe. Siku Njema nilikisoma kweli, hicho hakikuhitaji mwongozo. Kongowea Mswahili alinifanya nitake kutembea kwa miguu mpaka Tanga.

Binti Chumbageni

Ungekuja Tanga tungekupokea na mahamri. Mama yake Kongowea alikuwa mwimbaji wa taarabu wa hapa kwetu, kwa hiyo sisi yule kijana tunamhesabu ni wetu.

Ninapomkumbuka Walibora namkumbuka na Kezilahabi, kwa sababu mwaka 2020 uliwachukua wote wawili. Januari Kezilahabi, Aprili Walibora, aligongwa na basi Nairobi. Tulikuwa tumeanza kujifungia ndani kwa korona, hatukuweza hata kukaa pamoja tukawasoma.

Kitabu changu: Peponi. Ndiyo ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, 2022. Na mimi nikiri kama wa Githurai alivyokiri: kitabu kilitoka 1994, mimi nikalisikia jina la mwandishi 2021 siku ya Nobeli. Mtu kazaliwa Unguja, mimi nipo Tanga, na ilibidi Wasweden watutambulishe.

Nilikisoma kwanza kwa Kiingereza. Kijana Yusuf, miaka kumi na miwili, anachukuliwa na Ami Aziz kwa safari ambayo haina kurudi, kwa sababu baba yake ana deni na mtoto ndiye rehani. Dukani anamkuta Khalil, ambaye tangu siku ya kwanza anamkataza kumwita yule tajiri ami. Aseme seyyid, yaani bwana. Kwa Kiingereza hilo neno seyyid lilikuwa limekaa katikati ya sentensi kama jiwe kwenye wali, meno yanaligonga, unasimama, unakumbuka huyu mtoto yuko chini ya nani. Kwa Kiswahili jiwe limeyeyuka. Ni neno tu kati ya maneno, bibi yangu angelisema bila kufikiri.

Nilisikitika kidogo mwanzoni, nikaona kama kuna kitu kimepotea. Halafu nikafika kwenye mazungumzo ya Khalil na Yusuf usiku barazani, wakitaniana na kutishana, na nikajikuta nasoma kwa sauti. Kwa Kiingereza nilikuwa nawatazama watu kupitia dirisha. Kwa Kiswahili nimeambiwa nisogee, nao wakaendelea kupiga soga. Sijui kipi ni bora. Naviweka vyote viwili kando ya kitanda, nagombana navyo.

Mutoto wa Kenya

Bandugu, jambo yenu. Huku kwetu Kiswahili tunakisema namna yetu, musinicheke.

Miye ninasoma Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni Kifaransa na linasema ni orodha ya maneno, lakini ndani hamuna orodha ya maneno. Ni historia ya muji wetu, ulioitwa Elisabethville mbele ya kuitwa Lubumbashi. Iliandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa Kiswahili ya hapa hapa, kwa ajili ya chama cha bantu waliofanya kazi mu manyumba ya bazungu: bapishi, bafua-nguo, maboyi. Iliandikwa na mashini, ikatolewa nakala kidogo. Ingepotea. Mwanasayansi mumoja, Johannes Fabian, aliipata akaichapa mwaka 1990, na sasa inasomeka ku intaneti.

Hakuna nukta pale nukta inapaswa kuwa. Maneno yamekatwa vibaya. Lakini ukisoma kwa sauti, yote inaeleweka, ni kama muzee anakuongelesha. Anahesabu mambo ya bazungu toka mufalme Leopold, lakini anayaona toka jikoni. Ule aliyekuwa anatengeneza meza anajua siri ya meza. Babu yangu alikuwa boyi. Hakutuambia kitu hata kimoja. Ninatafuta jina lake ndani ya ile karatasi, najua halimo, ninatafuta tu.

Mtu wa Githurai

Bro hii imenishika. Lakini subiri, wewe uko Kenya gani? Hicho Kiswahili si cha huku.

Mutoto wa Kenya

Commune ya Kenya, Lubumbashi. Tuko na Kenya yetu, ndugu.

Mtu wa Githurai

Sina la kusema. Wizi mtupu.

Kijana wa Makumbusho

Uzi mzuri sana wakuu. Naomba mwenye pdf za vitabu vyote vilivyotajwa anitumie, natanguliza shukrani.

Zamu ya Usiku

Na wali maharage unaomba pdf?

Kijana wa Makumbusho

Dada usinishambulie, vitabu havipatikani. Nimezunguka Posta, nimeulizia mikoani. Kitabu cha 1974 utakinunua wapi?

Kiko cha Mzee

Nusu ya hoja yako ni ya kweli, kijana. Vingine vimekwisha kabisa na hakuna anayevichapa tena, mpaka mtu afe watoto wauze sanduku lake. Hapo simlaumu mtu anayepiga picha ili kisipotee. Lakini Peponi kipo dukani, Kezilahabi yupo dukani. Anzia duka la vitabu la TPH pale Samora kabla hujasema havipo. Hicho utakachokosa njoo nikuazime changu, ila unasomea dukani kwangu, benchi lipo.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimesoma uzi huu tangu jana bila kuchangia. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, kwa hiyo yule kijana wa Githurai amenichapa na mimi mwenyewe. Niliwafundisha watu kuchinja. Tulikuwa na muhtasari wa kumaliza na mtihani mbele, lakini hiyo siyo sababu. Ningeweza kuwasomea kwa sauti dakika kumi kabla ya kuchukua chaki. Sikufanya hivyo.

Kilicho mkononi mwangu ni Mabepari wa Venisi, Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, 1969. Nakisoma kwa sababu ya neno moja tu, lile la juu ya jalada. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara, na ni mmoja, Antonio. Nyerere angeweza kusema mfanyabiashara, au tajiri. Akasema mabepari. Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha! Na akawaweka katika wingi. Kwa hiyo Shailoki anayetaka ratili ya nyama na huyo Antonio tunayetakiwa kumhurumia wote wameingizwa katika kapu moja kabla pazia halijafunguliwa. Mtafsiri katoa hukumu kwenye jalada. Niliifundisha tamthilia hii mara nyingi na sikuwahi kuwauliza wanafunzi: kwa nini wingi?

Sasa nije kwa kijana wa Nansio. Ninayo nakala kamili ya Myombekere. Niliinunua Mwanza nikiwa mwalimu mpya, ilikula sehemu kubwa ya mshahara, mke wangu hakunisemesha siku mbili. Sitaituma. Usinielewe vibaya, nilishaazimisha vitabu na najua havirudi. Kupiga picha siwezi, mikono inatetemeka. Lakini macho yapo na sauti ipo. Niambie nakala yako inaishia wapi, mimi nitasoma kuanzia hapo na kukurekodia, kidogo kidogo kila jioni. Bibi yako asikilize.

Binti Chumbageni

Shikamoo mwalimu.

Zamu ya Usiku

Shikamoo mwalimu. Na mimi nirekodiwe jamani.

Mgeni wa Nansio

Mwalimu, shikamoo. Sina maneno. Nimekutumia maneno ya mwisho ya ukurasa wa mwisho kwa ujumbe binafsi.

Kabla hujaanza, nikwambie kitu kimoja kuhusu huyu msikilizaji wako. Jana tulirudi nyuma kidogo, mahali watoto wanapopewa majina. Ntulanalwo, Bulihwali. Nilikuwa nayatamka kama majina tu. Bibi akanyamaza muda mrefu, kisha akasema hayo ni majina ya watu waliozika. Mtu hampi mtoto jina la namna hiyo ila amezoeana na msiba. Nilikuwa nimeshasoma mahali kwamba Kitereza na mkewe walizaa na kifo hakikuwaachia mtoto hata mmoja. Nikamwambia. Akauliza, "Na kitabu akakiita kwa majina ya watoto?" Nikasema ndiyo, majina yao yamo kwenye jalada. Akasema basi kisome polepole.

Bibi mwenyewe alizaa tisa, wapo wanne. Sikuwahi kumuuliza hao watano waliitwa nani. Aliniambia jana.

Fundi Baridi

Mrejesho: nimekipata Simu ya Kifo kwa jamaa wa vitabu vya mitumba, shilingi elfu tatu. Nimeanza saa tatu usiku. Sasa ni saa saba. Kiko, hela yako salama. Mtu asiniambie mwisho, nitamblok.

Kiko cha Mzee

Karibu chamani. Kesho gereji usiwashe gari la mtu kwa usingizi.

Mtu wa Mabibo

Fundi ukimaliza njoo upande wa Willy Gamba kabla mzee hajakuharibu.

Mwalimu Mstaafu

Kijana wa Nansio, nimetuma sehemu ya kwanza, dakika ishirini na mbili. Kuna jogoo wa jirani anasikika katikati, msimjali.

Mgeni wa Nansio

Mwalimu, tumesikiliza. Niliiweka simu kwenye bakuli la bati ili sauti ikue, majirani wawili wakaja na vigoda vyao, wakakaa. Bibi kafurahi mpaka kasahau dawa. Kauliza wewe ni wa ukoo gani, nimemwambia sijui, kasema unasoma kama mtu wa Ilangala, sijui kakuona wapi.

Ila ana malalamiko. Anasema pale wageni wanapoingia uani, kuna salamu umeiruka.

Nimemwambia mwalimu hawezi kuruka, amesoma yote. Kanitazama tu.

Mwalimu Mstaafu

Mwambie shikamoo yangu. Na mwambie ni kweli, niliruka mistari minne, nilidhani ni usiku mtakuwa mmechoka. Naanza upya kesho saa mbili.